Mahari ya Maji

Malinya, Ijumaa, saa tisa mchana

Rael, mama,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati kutoka hapa Malinya mpaka Khwisero, huyo mtu ni baba yako. Wengine wana shamba, wengine wana fahali wa kupiganisha, wengine wana mjomba serikalini. Mimi nina rafiki mwenye ziwa. Ziwa zima, na ukuta wake, na mnara wake, na milima ya zambarau kulizunguka. Bahati iliwapita matajiri wote wa Kakamega mjini, ikakata kona, ikaja mpaka kwa kibanda cha mchora mabango aliyeachia shule darasa la sita, ikapiga hodi. Na kesho asubuhi wewe unasafiri kwenda kukaa kwa huyo mwenye ziwa, usomee uuguzi. Mwanaume mwingine angekuwa amelewa tangu jana.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wa kanisa, na ndivyo watakavyokurudishia jioni hii wakija kukuombea. Lakini kabla hawajafika nataka uisome hii barua mpaka mwisho. Kuna jambo juu ya Mama Gwen ambalo mimi nalijua tangu Pasaka na wewe hulijui, na ukilijua huenda usiende.

Utauliza kwa nini nakuandikia na wewe uko hapo nje, hatua kumi na tano, unanyonyoa kuku na mama yako. Ni yeye aliyesema. Asubuhi nilimwambia nataka kukaa na mtoto tuongee. Akasema, "Baba Rael, usiongee. Ukifungua mdomo utaongeza chumvi mpaka mtoto ashikwe na kiu. Andika." Tangu juzi nilipomwonyesha mambo haya, mama yako ananiwekea chakula huku anaangalia ukuta. Na ana haki. Kwa mdomo mimi siwezi kutoa jambo likabaki saizi yake. Likitoka kama sungura, likifika mlangoni ni ng'ombe. Kwa kalamu angalau mkono wangu umezoea kupima kabla ya kuandika.

Mambo ya sweta, na pasipoti, na kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua, hayo utaambiwa na mama yako, na atayarudia. Acha mimi niseme yangu.

Mwaka ule wa kura ya vyama vingi wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mgombea mmoja wa udiwani alinipa ukuta wa ghala pale sokoni nimwandikie jina lake na maneno ya kuvuta watu. Nikachora kwa nyekundu, herufi za kimo cha mtu: PIGA KULA. Sisi watu wa huku, L na R ni mapacha. Mmoja akitoka mwingine anavaa shati lake na hakuna anayegundua. Mgombea alikuja jua likiwa utosini.

"Fundi, umeandika nini hapa?"

"Kura, mheshimiwa."

"Hii ni kula."

"Basi watakuelewa haraka zaidi."

Hakucheka. Kazi ikaniponyoka. Lakini ukuta ulibaki, na ndio ulioniletea Mama Gwen. Alikuwa amekuja kufundisha akina mama ushonaji pale misheni, mzungu mfupi wa nywele nyeupe, kutoka Wales, Kiswahili chake chote amekitoa kwa kitabu. Alisimama mlangoni pa kibanda na kamusi mkononi.

"Fundi, nisaidie. Piga naipata. Kula naipata. Piga kula siipati."

Nikamweleza habari ya mapacha wetu wawili. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe la rangi, na kifuniko kilikuwa bado kibichi. Sketi ikaharibika, urafiki ukaanza.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi iliyoviringishwa kama bomba, akaitandaza mezani. Alitaka niichore ukutani kwa darasa la ushonaji, wanawake wake wapate kitu cha kutazama wakati sindano zinawachosha. Wewe unaijua hiyo picha kuliko sura yangu, lakini acha nikueleze vile fundi aliiona mara ya kwanza. Rangi saba tu, basi. Hakuna mstari wa kuzungushia kitu. Mlima ni zambarau, unaishia, maji yanaanza, kama mtu amekata kwa makasi. Ukuta wa mawe umeziba bonde kutoka upande huu mpaka ule, na maji yanapita juu yake meupe kama maziwa yanayofurika sufuria. Pembeni, mnara wa mawe wenye kofia ya kijani. Kondoo watatu. Chini, maandishi manene ya Kiingereza ya kuita watu waje kwa treni wapumzike. Na kingo za karatasi zilikuwa za manjano, kama kitu kilichokaa kwa sanduku la babu. Nikazisugua kwa kidole. Manjano hayakutoka, hayakuwa vumbi wala uzee, yalikuwa yamechapwa. Karatasi ilikuwa mpya, imevalishwa uzee makusudi ili mtu aione akumbuke mahali ambapo hajawahi kufika. Nikasema moyoni, huyu aliyetengeneza hii ni mwenzangu.

Nikamwuliza, "Mama Gwen, hapa ni wapi?"

Aliweka kidole kwenye picha, si kwa mnara, si kwa mlima, ila katikati ya maji kabisa, akasema maneno ambayo leo hata watoto wa Malinya wanayajua: "Hii ni mahari ya mama yangu."

Jioni ile ile nilikuwa kwa Alukwe mwenye bucha, natangaza. Nikawaambia kwao Wales mahari si ng'ombe. Ng'ombe ni mambo ya watu wadogo. Huko, mtu akitaka binti wa nyumba ya maana, anatoa maji. Babu yake Mama Gwen alipewa ziwa zima kwa ajili ya binti yake, na sasa ziwa limemshukia Mama Gwen, na huyo Mama Gwen ni rafiki yangu.

Alukwe akaweka kisu chini. "Wewe unatuambianga vitu. Ng'ombe nitamfunga kamba. Ziwa usiku unalifunga na nini?"

"Huoni huo ukuta kwenye picha? Unafikiri ni wa nini?"

"Wa nini?"

"Ni zizi."

Walicheka mpaka mbwa wa Alukwe wakaanza kubweka. Na hapo ndipo nilipokosea, mama, si kwa kusema, ila kwa kuona vile walivyofurahi. Kesho yake Alukwe mwenyewe akataka ziwa lichorwe ukutani kwa bucha. Halafu ile loji ya Iguhu. Halafu baa, kinyozi, duka la mbegu. Nilikuwa nachora miraba kwa chaki, naipandisha picha mraba kwa mraba, na kila mwenye ukuta ananiongezea lake. Alukwe alitaka ng'ombe badala ya kondoo. Wa loji alitaka gari limeegeshwa. Wa baa alitaka mafahali wawili wanapigana kando ya mnara, nikawachora, na picha ikazidi kuwa nzuri. Tulikula kwa hilo ziwa, Rael. Sare yako ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye hayo maji. Na kila ukuta ulikuwa na hadithi yake bure, mahari ya maji, wateja walikuwa wanaingojea kama pilipili ya nyama.

Ni wewe peke yako uliyeniuliza swali la maana. Ulikuja kibandani umetoka shule, ukasimama mbele ya karatasi ya Mama Gwen, ukatazama sana. "Baba, watu wako wapi?"

Nikakuambia, "Wako ndani, wanakula."

"Ndani ya wapi? Hakuna nyumba."

Nikakutuma ukaniletee tapentaini.

Sasa nataka nikukumbushe siku moja ambayo nadhani huhitaji kukumbushwa. Siku ya wazazi, kidato cha kwanza, muhula wa kwanza. Nilikuwa nimekutumia neno kwamba nitakuja na Mama Gwen, kwa gari la misheni, na kreti ya soda. Gari hilo sikuwa nimeliomba. Mama Gwen sikuwa nimemwambia. Nilisema tu kwa sababu yule mwenzako aliyeniletea salamu zako alikuwa amesimama mbele yangu akisikiliza kwa macho makubwa, na mimi mtu akinisikiliza hivyo siwezi kumpa kitu kidogo. Siku ilipofika nilikuwa juu ya ngazi, Iguhu, nachora kofia ya mnara, na nikajiambia mvua itanyesha hata hivyo.

Mwalimu wako alinisimulia baadaye. Ulikaa kwenye uzio tangu asubuhi na sare umeipiga pasi. Wenzako walipouliza, uliwaambia gari limepata pancha pale daraja la Yala, na kwamba baba yako amevua koti anasaidia kubadilisha gurudumu, na kwamba Mama Gwen amekaa kando ya barabara chini ya mwavuli. Mwavuli, Rael. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na ulikuwa umeshajifunza kazi yangu. Mwalimu alidhani ananisimulia kitu cha kuchekesha. Nilicheka naye. Nikatoka pale nikakaa chini nyuma ya jiko la shule, karibu na kuni, mpaka mpishi akaniuliza kama natafuta mtu.

Hukuniambia chochote uliporudi likizo. Mimi pia sikukuambia. Tuliendelea kama watu wawili wanaojuana sana.

Mama Gwen alirudi kwao, picha akaniachia, barua zikawa zinakuja mbili kwa mwaka. Halafu ukamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sikuhitaji kuyaongezea chochote. Mara ya kwanza maishani mwangu ukweli ulikuwa mkubwa wa kutosha. Nikamwandikia. Nakumbuka maneno kwa sababu nilijivunia: "Wewe mwenye maji mengi, mnyweshe mtoto wangu." Akajibu kwamba ameguswa, kwamba karibu na kwake kuna hospitali inayofundisha wauguzi, kwamba ataulizia, na mlango wake uko wazi. Mlango uko wazi. Mimi nikasoma kwamba karo imelipwa mpaka mwisho. Hakuandika hivyo. Nilisoma vile ninavyochora: palipo na kondoo nikaweka ng'ombe.

Na wakati huo huo ikaja ile barua yako nyingine, ya kukuita chuo cha uuguzi hapa hapa nyumbani. Uliishika mkononi jioni nzima. Ukaniuliza, "Baba, una uhakika na Mama Gwen?" Hukuuliza kama mtoto. Uliniuliza kama mtu anayejua ananiuliza nani. Nikakuambia, "Mtu mwenye ziwa atashindwa na karo?" Ukaandika barua ya kuwakataa, ukanipa nikaitie posta.

Pasaka ndipo alipoandika Mama Gwen ile barua ambayo nimeiweka ndani ya bahasha hii hii, chini ya karatasi zangu. Utaisoma mwenyewe. Lakini najua hutaisubiri, kwa hiyo acha nikunakilie kidogo, Kiswahili chake kilekile:

"Rafiki yangu, nimeangalia neno mahari kwa kamusi, kwa sababu umeliandika mara nyingi na sikuelewa. Sasa naelewa na nimefadhaika. Maji yale si yangu. Si ya mtu yeyote wa kwetu. Mimi nilikuwa na miaka sita tulipoambiwa tuhame bonde. Walivunja nyumba, shule na kanisa, wakajenga ukuta, wakafungia maji. Babu na bibi yangu wako chini yake, juu yao waliweka saruji kwanza. Maji yanakwenda kwa bomba kwa mji wa mbali, na mimi nalipia maji yangu kila mwezi kama watu wote. Mimi ni mshonaji mstaafu. Nakaa vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la viatu. Tiketi ya Rael nimeinunua, na kitanda kipo. Kanisa letu litamsaidia mwaka wa kwanza. Baada ya hapo sijui. Mwambie yote haya, na achague mwenyewe. Nilinunua ile picha kwa sababu ya kijiji hakuna picha. Ya maji ndiyo iliyopo."

Niliisomea kibandani, hapa hapa nyumbani. Nilipofika pale pa saruji, nikainua macho nikaona nje, nyuma ya migomba, kaburi la nyanya yako ambaye jina lake umelichukua, na mama yako alikuwa ameanika mahindi juu yake kama kila mwaka, kuku wanapita. Sisi mtu wetu akifa tunamweka hapo mlangoni, tunaendelea kumpigia kelele. Nikajaribu kufikiria maji juu yake. Nikajaribu kufikiria mtu wa mbali anachora hayo maji kwa rangi saba, na fundi mwingine wa mbali zaidi anayachora kwenye bucha, anaweka ng'ombe, anasema ni mahari, watu wanacheka. Mama Gwen alikuwa akija pale kwa Alukwe kununua nyama, Rael. Alisimama chini ya ule ukuta kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Na hapo mtu mwenye akili angekuita akuambie. Ulikuwa umekaa barazani unajifunza jinsi ya kutamka majina ya vituo vya treni kutoka kwa kile kitabu kidogo alichokutumia. Nilitoka mpaka mlangoni na barua mkononi. Ukasema, "Baba, sikiliza hili," ukatamka neno refu la huko ambalo halina vokali hata moja ya kushikilia, ukacheka mwenyewe. Nikasema, "Vizuri sana." Nikarudi ndani. Nilimjibu Mama Gwen kwamba nimekuambia yote na umefurahi. Hayo ndiyo niliyoyafanya.

Ndiyo maana naandika leo na si miezi minne iliyopita. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Halafu watu wakaanza kuja kukupongeza, halafu shangazi zako wakakushonea, halafu mchungaji akatangaza, na kila mtu aliyekuja alikuwa ameshika kipande cha ziwa langu mkononi. Ningeanzia kubomoa wapi?

Jambo moja tu sikuliharibu. Barua yako ya kukataa chuo sikuitia posta. Iko nyuma ya picha, nimeibana na gundi ya karatasi, nilikuwa naenda kuigusa kila jioni kama mtu anayegusa jino bovu. Kwa hiyo wao wanakungoja mpaka Jumatatu. Kesho kuna ndege, Jumatatu kuna chuo. Yote mawili ni yako.

Ungetaka nikuambie uchague lipi. Nimekaa hapa tangu saa sita nikijaribu, na kila nikianza sentensi nasikia jinsi inavyotaka kuwa nzuri. Ukienda, utakuwa na mwaka mmoja wa uhakika na baada ya hapo ni giza, katika nchi ambayo sitaweza kukufikia hata kama ningeuza kila ngazi na kila brashi. Ukibaki, yule mama alijinyima akanunua tiketi, na atakuwa uwanjani anatazama watu wote wanatoka na wewe hutoki. Sijui, mama. Mimi ambaye nina jibu la kila mtu sokoni, sina hata herufi moja ya kukupa. Naona mikono yako kupitia hapa dirishani, imejaa manyoya, na siwezi kufanya kitu.

Ninachojua ni kidogo, na nimekipata kwa njia mbaya. Ukienda, usimhurumie kwa sauti. Mtazame anapopakua chakula. Akikupakulia na kusema yeye alishakula, usiamini. Mama yangu alituambia hivyo miaka yote, na tulikuwa wanane, na tuliamini kwa sababu ilitufaa. Mwambie huwezi kula peke yako, kwamba kwenu ni mwiko. Huo uongo mmoja nakuruhusu. Na siku mkiwa na nafasi, mwambie akupeleke huko kwenye maji, na usiseme ni pazuri mpaka yeye aseme. Mwulize nyumba yao ilikuwa upande gani.

Ukibaki, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu kanisani niwaambie. Usinifanyie kazi hiyo. Usiwaambie kuna pancha. Nitatafuta mzaha, mama yako atanikanyaga mguu, lakini nitasema.

Na popote ulipo, mtu akikuuliza kama kuna baridi, na kuna baridi, sema kuna baridi. Akikuuliza kama umeshiba, na hujashiba, sema. Ulikuwa mtoto unayeuliza watu wako wapi. Nilikufundisha kusema wako ndani wanakula. Kama kuna kitu ningependa ukiache hapa nyumbani usikibebe, ni hicho.

Nasikia sauti ya Alukwe huko nje, amekuja mapema na maini kwa ajili yako, anamwuliza mama yako kama kule Wales utaogelea kwa mahari. Mama yako anaendelea kunyonyoa kuku.

Limebaki moja, na nimelizunguka barua nzima. Nimekuachia uamini kwamba hilo neno mahari ni mambo ya L na R. Juzi nilimwambia mama yako hivyo hivyo, kwamba yule mzungu alisema mahali ya mama yangu, na mimi kwa masikio yetu ya huku nikasikia mahari. Akaniuliza, "Miaka sita hukusikia vizuri?" Hata kwa Mama Gwen niliandika hivyo, nikiomba radhi, na alinisamehe kwa sababu anawapenda watu wa huku na makosa yao.

Mimi kazi yangu ni herufi, Rael. Mama Gwen alilitamka hilo neno polepole, kama mtu anayeweka yai mezani, na macho yake yalikuwa tayari yamejaa. Nikamwuliza watu walienda wapi, akaniambia waliondolewa, na kwamba kanisa lao liko huko chini. Aliniambia siku ile ile, kabla sijachanganya rangi ya kwanza. Alisema mahali. Nilisikia mahali. Ilikuwa hadithi ya huzuni na mimi nilitaka ya kujivunia, kwa hiyo nikabadilisha herufi moja nikaenda nayo kwa Alukwe. Hakuna bahati iliyopiga hodi kibandani kwangu. Niliitunga mimi.

Baba yako